Kukaa dawati la nyuma: niliyojifunza nikiwasaidia walimu wa madarasa jumuishi Mwanza

Nilisomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, na baada ya kuhitimu nikapangiwa kitengo cha elimu maalumu kilichomo ndani ya shule moja ya msingi katika Manispaa ya Ilemela, Mwanza. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu haifanyikii kitengoni. Ninaingia katika madarasa ya kawaida ya shule yetu na ya shule jirani, ninakaa na mwalimu ambaye hakusomea elimu maalumu lakini amepokea watoto wenye ulemavu darasani mwake, na kwa pamoja tunatafuta namna ya kuwafundisha watoto hao wakiwa na wenzao. Jambo ambalo kazi hii imenithibitishia, na ambalo ningependa kila anayepanga bajeti ya elimu jumuishi alizingatie, ni kwamba msaada wa mtaalamu humfaa mwalimu pale unapofika kwenye somo atakalofundisha kesho asubuhi. Ukiishia katika ukumbi wa semina, au katika faili la mwalimu mkuu, mtoto aliyekaa darasani haoni tofauti yoyote.

Sheria na sera tunazo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na upo Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26. Michango ya lazima ilipofutwa katika shule za msingi kuanzia mwaka 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani waliandikishwa, wenye ulemavu wakiwamo. Huku kwetu Kanda ya Ziwa kuna historia nyingine inayopaswa kukumbukwa. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yalipopamba moto mwishoni mwa miaka ya 2000, watoto wengi walipelekwa kwa ajili ya usalama wao katika shule zenye mabweni kama Mitindo iliyoko Misungwi na Buhangija iliyoko Shinyanga. Hatua ile ilikuwa ya lazima, na wapo vijana walio hai leo kwa sababu yake. Hata hivyo, iliwaachia wazazi na walimu wengi wazo kwamba mahali pa mtoto mwenye ulemavu ni kituoni kwa wataalamu, na kwamba akionekana katika shule ya mtaani kwao basi yupo hapo kwa muda tu.

Wazo hilo nalisikia katika namna walimu wanavyonisalimu. Nikifika shuleni, mwenzangu ataniambia kwa nia njema kabisa, “Mwalimu, watoto wako wote wamekuja leo.” Anamaanisha watoto watatu au wanne waliomo katika darasa lake yeye, walioandikwa katika rejista yake yeye, ambao kazi yao ya Hisabati anaisahihisha yeye. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ulezi wa kitaaluma, yaani kazi hii ya kukaa na mwalimu mwenzangu na kumsaidia, kwa uzoefu wangu, ni kukataa kwa upole kuwachukua watoto hao. Mwalimu akiniomba nimtoe mtoto nje nikamfundishe peke yake chini ya mti, ninamwomba anieleze kwanza kipindi cha kesho kinahusu nini. Nikimchukua mtoto kila wiki, mwalimu atashukuru, mzazi atafurahi, na mtoto huyo atazidi kuwa mgeni katika darasa lake.

Semina zina nafasi yake, nami nimewahi kuwezesha baadhi yake. Mwalimu anajifunza aina za ulemavu, anaona kwa mara ya kwanza sleti ya nukta nundu, yaani kibao cha kuandikia maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, anapata alfabeti ya vidole ya Lugha ya Alama ya Tanzania, kisha anarudi Jumatatu kwenye darasa lenye watoto zaidi ya mia moja, ubao uliopauka na vitabu visivyotosha. Alichofundishwa ni kanuni za jumla, na darasa lake si la jumla. Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ninachotaka kusema.

Katika shule moja iliyo kwenye mwinuko unaotazama ziwa, mwalimu wa darasa la tatu alikuwa na binti mwenye ualbino. Mwalimu huyu ni mama wa makamo aliyefundisha kwa miongo mingi, na mimi kwake ni sawa na mtoto. Nilipompa shikamoo alinijibu, “Marahaba mwanangu, umekuja kunikagua?” Niliketi dawati la nyuma kabisa. Alikuwa amefanya kama alivyoelekezwa semina, yaani kumweka binti huyo safu ya mbele. Ila darasa lile lilikuwa likisoma mkondo wa mchana, madirisha ya upande wa ziwa hayakuwa na vioo wala mapazia, na dawati la mbele alilopewa lilikuwa ubavuni mwa dirisha. Kuanzia saa nane mwanga wa jua uliokuwa ukiakisiwa na maji ulimwingia machoni moja kwa moja. Binti aliinua daftari akajikinga uso, na akawa hivyo hadi mwisho wa kipindi. Mwalimu alikuwa amefikia kuamini kwamba mtoto huyo ana kiburi.

Kulikuwa na jambo la pili. Kila binti alipojaribu kusoma ubaoni aliinamisha kichwa upande mmoja, na mwalimu alimwamuru akae wima atazame mbele. Watoto wengi wenye ualbino macho yao huchezacheza bila wao kutaka, na baadhi yao hugundua wenyewe pembe ambayo kichwa kikiinamishwa macho hutulia kidogo na herufi zikaonekana vizuri zaidi. Kumlazimisha akae wima ni kumnyang'anya njia hiyo. Jambo la tatu lilikuwa kitabu. Wanafunzi wanne walichangia kitabu kimoja kilichowekwa katikati ya dawati, naye ili asome alihitaji kukisogeza hadi karibu na pua, jambo ambalo wenzake hawakulikubali hata kidogo. Miwani aliyopewa ilimsaidia kwa kiasi tu, kwa kuwa uoni hafifu unaotokana na ualbino hausahihishwi wote na miwani.

Baada ya kipindi tulikaa kivulini, mwalimu na mimi, tukiwa na andalio lake la somo la siku iliyofuata. Sikumpa mhadhara kuhusu ualbino. Tulikubaliana binti ahamie safu ya pili upande wa ukutani, mgongo wake ukiwa kwa dirisha, na aruhusiwe kuinuka na kwenda ubaoni wakati wowote bila kuomba ruhusa. Kitabu kimoja kilitengwa kwa ajili yake wakati wa kusoma kimya. Mwalimu mkuu aliombwa amruhusu kuvaa kofia hata ndani ya darasa, ingawa utaratibu wa shule ulikataza kofia, naye akakubali siku hiyo hiyo. Lile lililosaidia kuliko yote lilitoka kwa mwalimu mwenyewe. Alisema, “Mimi nitakuwa nasoma kwa sauti kila ninachoandika, neno kwa neno.” Niliporudi wiki zilizofuata alikuwa akifanya hivyo kwa ufasaha mkubwa, na kwa njia hiyo akagundua mvulana mwingine, asiye na ualbino, ambaye alianza kuandika pale tu mwalimu alipoanza kusoma kwa sauti. Mvulana huyo alikuwa haoni ubao vizuri tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyejua.

Nimeeleza haya kwa kina ili ionekane ni kwa nini semina peke yake isingefika hapo. Kanuni ya “mweke mbele” ni sahihi, lakini dirisha, saa ya mkondo wa mchana na kitabu cha watu wanne haviwezi kuandikwa katika mwongozo wowote. Vinaonekana kwa mtu aliyekaa ndani ya darasa lile, na vinarekebishwa na mwalimu anayelijua darasa lile. Mama yule anajua kuendesha darasa la watoto wengi kuliko nitakavyojua mimi kwa muda mrefu ujao. Mimi najua zaidi kuhusu macho ya mtoto mwenye ualbino. Mlezi asiyetambua kwamba anaketi na mjuzi mwenzake atapewa majibu ya heshima, na mlango ukifungwa hakuna kitakachobadilika.

Hofu ya kukaguliwa inastahili maneno machache. Mtu anapoingia darasani na daftari, mwalimu hukumbuka mthibiti ubora wa shule, afisa elimu kata, taarifa na barua. Kwa hiyo ninafunga makubaliano mapema, mbele ya mwalimu mkuu, kwamba siandiki chochote kuhusu mwalimu. Ninachoandika kinamhusu mtoto, na karatasi hiyo ninaiacha kwa mwalimu mwenyewe. Walimu wakuu wachache wameniomba niwanong'oneze nani ni mvivu. Nimekataa kila mara na nitaendelea kukataa, maana siku nitakayokubali, hakuna mwalimu atakayeniambia tena, “Hapa sijui nifanye nini,” na sentensi hiyo ndiyo malighafi ya kazi yangu.

Kwa watoto wenye usikivu hafifu kazi huwa ngumu zaidi, kwa sababu tatizo halionekani usoni. “Huyu anasikia akitaka,” ndivyo nilivyoambiwa kuhusu mvulana wa darasa la tano aliyekuwa akitokwa usaha sikioni kwa muda mrefu. Na kweli alisikia siku nyingine, yaani siku ambazo darasa lilikuwa tulivu na mwalimu alikuwa akimtazama. Mvua za masika zilipopiga bati lisilo na dari hakusikia kitu, na wala hata mimi nikiwa dawati la nyuma sikusikia. Mzazi alishauriwa ampeleke zahanati, na huko akapewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando. Usaha ulikauka kwa matibabu, ila sehemu ya usikivu haikurudi. Mwalimu wake wa Sayansi alikuwa na tabia ambayo wengi wetu tunayo, ya kueleza huku akiandika na mgongo akiwapa wanafunzi. Tulichagua jambo hilo moja tu kwa mwezi mzima: aandike kwanza, ageuke, ndipo aseme. Siku za mvua kubwa tulipanga mapema kazi za kuandika na za vikundi, maelekezo yakiwa ubaoni. Mwalimu aliniambia kwamba kugeuka kabla ya kusema kulimchosha wiki za mwanzo, kisha akasahau kwamba anafanya hivyo. Nimejifunza kutompa mwalimu mambo matano kwa mkupuo hata ninapoyaona yote matano. Moja linaloshika ni bora, kwa kuwa mwalimu ana vipindi vingine, madaftari ya kusahihisha, na zamu ya wiki.

Sehemu ya ulezi ambayo haizungumzwi sana ni kumsaidia mwalimu kutambua kisicho ulemavu. Katika vijiji vya Magu na Misungwi mtoto anaweza kuingia darasa la awali akiwa anajua Kisukuma tu, na kufikia darasa la kwanza akawa bado anatafuta maneno ya Kiswahili. Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine anamwandika katika orodha ya “wazito”. Ninapoletewa orodha kama hiyo, jambo la kwanza ni kumtafuta mtu wa kuongea na mtoto kwa Kisukuma, amwombe ahesabu vizibo vya soda au asimulie alivyochunga ng'ombe jana, na mara nyingi orodha inapungua palepale. Kando ya ziwa kuna jambo lingine. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, na asubuhi wake na watoto huwaanika. Mwalimu mmoja alinionyesha watoto waliokuwa wakisinzia na kushindwa kusoma, akahofia wana tatizo la akili. Tulifungua rejista pamoja, tukaona kwamba utoro na usinziaji wao ulikuja na giza la mwezi ukaondoka na mbalamwezi. Watoto hao walihitaji mazungumzo na wazazi na wenyeviti wa mitaa, si kitengo. Kumpachika mtoto ulemavu asio nao ni dhuluma nzito, na mtaalamu ndiye anayepaswa kuizuia kwa kuwa neno lake ndilo linaloaminiwa.

Mitihani nayo inadai maandalizi ya mapema. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu na za nukta nundu kwa wasioona, na huongeza muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Nimekutana na walimu wa darasa la saba wasiojua hilo. Matokeo yake ni kwamba mtoto anafanya majaribio yote ya mwaka kwa karatasi ya maandishi madogo na kwa muda wa wenzake, anapata alama za chini, anakata tamaa, kisha siku ya mtihani wa taifa anakabidhiwa karatasi kubwa ambayo hajawahi kuizoea. Sasa ninapopanga na mwalimu mtihani wa muhula, tunaandika kabisa muda wa nyongeza na anayebaki kusimamia. Karatasi ya maandishi makubwa inachapwa ofisini kwa mwalimu wa taaluma, na kama umeme umekatika tunaiandika kwa kalamu nene ya wino mweusi.

Lazima niseme pia mahali ambapo njia hii haitoshi. Mtoto kiziwi kabisa hawezi kusoma katika darasa ambalo hakuna mtu anayejua Lugha ya Alama, hata mwalimu awe mwema kiasi gani na hata mimi nifike kila wiki. Lugha haijengwi kwa ziara. Anahitaji viziwi wenzake na walimu wanaoifahamu lugha hiyo, na kama wapo katika kitengo au shule ya bweni basi huko ndiko kwake kwa sasa. Kwa mtoto asiyeona, mwalimu wa kawaida anaweza kufanya mengi, na nimewafundisha baadhi yao kusoma nukta nundu kwa macho. Seli, yaani nafasi ya herufi moja, ina nukta sita tu, na mwalimu mwenye bidii huzimudu herufi kwa muda mfupi. Faida yake ni kwamba anasahihisha kazi ya mtoto siku ileile, badala ya kuniwekea rundo la karatasi hadi nije. Lakini mtoto huyo bado anahitaji mtaalamu wa kumfundisha mashine ya nukta nundu, fimbo nyeupe na jinsi ya kujisomea. Anayeitetea elimu jumuishi kwa kudai kwamba mwalimu wa kawaida ataweza yote anawaonea wote wawili, mwalimu na mtoto.

Kikwazo kikubwa ni muda. Ziara inayohusu kipindi kimoja inahitaji pia muda wa kuketi baada ya kipindi, na mwalimu anayetoka darasani kuingia lingine hana muda huo. Shule zilizofanikiwa ni zile ambazo mwalimu mkuu aliandika mazungumzo hayo katika ratiba. Nyingine zimetumia vikao vya jumuiya za ujifunzaji vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, ambapo mwalimu aliyefanikiwa jambo analieleza kwa wenzake akiwa na andalio lake mkononi. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu, walimu wote walikuwa wakiandika maandalio upya, na nilitumia nafasi hiyo kukaa nao tukiwa tunaandika, badala ya kuja baadaye kuongeza mstari wa mahitaji maalumu chini kabisa ya ukurasa. Nauli nayo si jambo dogo. Kuna shule ambazo nafika kwa daladala na nyingine kwa bodaboda, na halmashauri zinapotenga fedha za semina zingeweza kutenga sehemu yake kwa ajili ya safari hizi fupi.

Kuna pia uhamisho. Mwalimu aliyezoea kumfundisha mtoto mwenye mtindio wa ubongo anapohamia wilaya nyingine, anaondoka na kila alichogundua kuhusu mtoto yule: kwamba anajibu vizuri kwa mdomo, kwamba apewe dakika kadhaa kabla ya jibu, kwamba penseli yake ifungwe mpira ili isiteleze. Kwa sababu hiyo tumeanza kuandika kwa kila mtoto ukurasa mmoja unaokaa ndani ya rejista, unaoandikwa na mwalimu wa darasa kwa maneno yake mwenyewe, ukisema mtoto anakaa wapi, anasomaje, nini kimejaribiwa kikafaa na nini hakikufaa. Mimi huongeza maelezo ya kitaalamu pale tu yanapohitajika. Ukurasa huo humfuata mtoto akipanda darasa, na tunajaribu kuufikisha hadi sekondari, ambako kila somo lina mwalimu wake na hakuna mmoja anayekaa na mtoto kutwa nzima. Huko bado tunatafuta nani autunze na nani awasomee wenzake, na kwa sasa kazi hiyo tumemwomba mwalimu wa taaluma aifanye mwanzoni mwa kila muhula.